Shangazi Pua na Basi Linalotoa Machozi

Mashine ya kupimia moshi ilikufa maji mahali pasipo na mto wala kisima. Ilikuwa ndani ya karakana ya mabasi, saa nne asubuhi, jua linawaka kama limetumwa, na aliyeizamisha ni mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na mbili hajawahi kupoteza hata kifuniko cha kalamu ya ofisi.

Wanamwita Shangazi Pua. Na kabla hujaanza kucheka, pua yake ni ya kawaida tu, tena ndogo. Jina limetokana na kazi. Basi likiingia getini, yeye ananusa kwanza. "Hili linakula oili." "Hili dereva wake anakanyaga mafuta kama anafukuzwa na wakwe." Halafu ndiyo anapima kwa mashine, na mashine inasema yaleyale. Madereva walishazoea kusema kwamba mashine ndiyo inayoenda kwa Shangazi kuhakikiwa.

Ana mambo yake mawili ambayo hakuna kanuni iliyomtaka ayafanye. La kwanza ni kitambaa. Anakata shuka kuukuu vipande vyeupe, anazungushia kidole, anapitisha ndani ya mdomo wa bomba la nyuma mzunguko mmoja, anaandika namba ya basi kwenye pindo na kukibana kwenye waya uliokatiza ofisi yake. Ukiingia mle ndani unadhani kuna familia ya wauza mkaa imefua bila sabuni. Dereva akibishia tarakimu, Shangazi ananyoosha kidole juu: "Haya, bishana na kitambaa chako." Hajatokea aliyeshinda.

La pili ni saini. Zamani kuna dereva mmoja alibandua risiti ya basi safi akaibandika kwenye fomu ya basi lake bovu. Tangu siku hiyo Shangazi anaipiga saini yake nusu kwenye fomu, nusu kwenye risiti ya mashine. Ukizitenganisha unabaki na michoro miwili isiyo na maana.

Sasa, siku ya msiba wa mashine, yalikuwa yamekuja mabasi mapya mawili. Meupe pee, ubavuni yamechorwa jani la kijani kubwa kuliko mlango. Hayangurumi, yanapita kama mtu anayetoroka kikao. Yanakwenda kwa hidrojeni: ndani mna kisanduku, wanakiita seli ya mafuta, kinakutanisha hidrojeni na hewa, umeme unatoka humo, umeme unazungusha magurudumu. Nyuma, kwenye bomba, kinachotoka ni mvuke na matone ya maji tu. Mafundi hawakumaliza dakika tano bila kuyapa jina. Machozi. Kwa sababu kila yakisimama, yanalia.

Shangazi alipitisha kitambaa. Kikatoka kimelowa, lakini cheupe. Akakiangalia, akakigeuza, akakinusa. Hakuna kitu. Miaka ishirini na mbili ya kuchokonoa mabomba, kidole chake kimetoka safi kuliko kilivyoingia. Akatabasamu peke yake, akachomeka mrija wa mashine.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mashine ile ilizoea kuvuta moshi mkavu. Ina kikombe kidogo cha kukamatia unyevu, ukubwa wa kikombe cha kahawa. Ilipovuta mvuke wa Machozi kikombe kikajaa kabla hajahesabu kumi, mashine ikakohoa, ikalia pii, kioo kikazima.

"Shangazi, umeizamisha nchi kavu!"

"Leteni boya!"

"Mpeni pumzi ya mdomo, jamani, ni mfanyakazi mwenzetu!"

Kufikia saa ya chakula, kwenye kundi la simu la karakana kulikuwa na picha ya mashine imewekewa mishumaa pembeni na maneno: *Tulikupenda, ila maji yalikupenda zaidi.* Shangazi aliiona, akauma meno, akaweka kicheko kimoja chini ya picha ili wasiseme amenuna. Alikuwa amenuna.

Aliyefurahi ni meneja. Huyo wanamwita Bosi Mkutano, kwani ukimtafuta wakati wowote yuko kwenye mkutano, na akitoka anaelekea kwenye mwingine. Siku hiyo alitoka mwenyewe mpaka karakana.

"Umeona, Shangazi? Hakuna hata cha kupima! Wewe weka saini tu kwenye cheti cha hewa, tumalize. Ijumaa wageni wanakuja. Cheti kikiwepo, tunaletewa mabasi mengine kumi."

"Mashine ikitengenezwa nitapima, bosi. Nikishapima nitasaini."

"Maji unayapima ya nini?"

"Nimeajiriwa kupima, sikuajiriwa kukubali."

Wala hakuwa na ubishi na lile basi. Alilipenda. Jioni ile alitoka kazini nguo zake hazinuki dizeli, akajisikia kama mtu aliyeibiwa kitu asichokihitaji.

Anakaa palepale nyuma ya karakana, kwenye nyumba za wafanyakazi. Ni mstari mmoja wa nyumba thelathini na moja zilizopangwa kando ya ukuta, yake ni namba tisa. Mume wake, Mzee, aliendesha mabasi miaka thelathini na mmoja akastaafu na saa ya ukutani na kifua kibovu. Kifua chenyewe hakikustaafu, kinafanya kazi mchana na jioni. Kwa hiyo kiti chake kipo chumbani, chini ya dirisha, maana daktari alisema akae penye hewa.

"Mzee, leo nimeingiza kidole kwenye bomba la basi kikatoka cheupe."

"Miaka yote hii mimi naoga na kujipaka mafuta hujanisifu hivyo. Kumbe ulikuwa unasubiri anayelia."

"Huyu halii ovyo kama wewe."

Mzee akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja mpaka akashika ukuta. Shangazi akamletea maji, akasubiri kipite.

"Si kilikuwa kimepungua hiki?"

"Kilipungua. Hii wiki ya pili kimerudi. Tangu lile dude lianze kunguruma."

"Dude gani?"

Mzee akaonyesha dirishani kwa kidevu. Shangazi akatega sikio. Ukweli ni kwamba mtu anayeshinda katikati ya injini haisikii injini nyingine akirudi nyumbani, ni kama muuza samaki na harufu. Lakini sasa akaisikia. Nguru, nguru, nguru, bila kupumzika. Akatoa kitambaa mfukoni, maana hakosi kitambaa, akapitisha kwenye kizingiti cha dirisha alichokifuta jana yake tu.

Kikatoka cheusi.

Akakinusa. "Dizeli," akasema. "Wala si basi. Ni mashine kubwa, haizimwi, na chujio lake limechoka kuliko wewe."

Asubuhi hakwenda ofisini. Alizunguka moja kwa moja upande wa nyuma wa karakana, kwenye uzio wa mabati wenye kibao cha HATARI, HIDROJENI. Ndani kulikuwa na matangi meupe yanang'aa, na mtambo wa kupasua maji: unaupa maji na umeme, unakupa hidrojeni ya kulisha basi. Kitu kizuri, safi, unaweza kula chakula juu yake. Na pembeni ya kitu hicho kizuri, jenereta la dizeli kubwa kama chumba, bomba lake la moshi limepindwa juu ya ukuta, linapumulia upande wa pili. Upande wa namba tisa.

Fundi wa hidrojeni, kijana mpole mwenye miwani minene, wanamwita Miwani, alikuwa anasoma vipimo.

"Fundi, hiki ni nini?"

"Jenereta, Shangazi."

"Naona ni jenereta, sijaja kutambulishwa. Linafanya nini hapa?"

Miwani akajikuna. "Umeme wa mtaani hautoshi kuendesha mtambo. Zilitakiwa ziwepo paneli za jua, ila bado ziko njiani."

"Tangu lini ziko njiani?"

"Mimi nimeajiriwa nimezikuta njiani."

"Na bomba mbona limepindwa kwetu?"

"Lilikuwa linapumulia matangi. Yakawa yanaingia weusi. Bosi akasema wageni wakija kupiga picha..." Hakumalizia.

Shangazi akavuta pumzi, akajuta kuivuta. "Niambie kitu kimoja, na usinipige chenga. Safari ambayo basi la zamani linachoma lita arobaini za dizeli. Ili Machozi aende safari hiyohiyo, hili jenereta linachoma ngapi?"

Miwani akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Ilikuwa chafu vilevile. "Kama mia na thelathini."

"Mia na...?"

"Na thelathini. Ukipasua maji unapoteza, ukishindilia gesi kwenye tangi unapoteza, jenereta lenyewe linapoteza."

"Kwa hiyo basi lenyewe halivuti sigara. Limemwajiri mtu wa kulivutia."

"Seli haina kosa, Shangazi!" Miwani akapandisha sauti, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. "Ipe hidrojeni iliyotengenezwa kwa jua, utaona. Mabasi yote ya mji yangekuwa hivi, wewe ungekosa kazi na ungeshukuru. Nimesomea hii kitu miaka mitano. Inaniuma kuliko inavyokuuma wewe."

"Una mume anayekohoa?"

"Sina."

"Basi haikuumi kuliko mimi."

Akaenda kwa Bosi Mkutano. Yuko mkutanoni. Akarudi saa sita. Mkutanoni. Akamvizia kwenye maegesho, akamkuta ameshafungua mlango wa gari, mguu mmoja ndani.

"Shangazi, cheti ni cha basi. Jenereta si basi."

"Jenereta ndiyo tumbo la basi."

"Usichanganye mambo. Jibu swali moja: bomba la basi ni safi au si safi?"

"Ni safi."

"Sasa si usaini!"

"Nitasaini mkitoa lile dude dirishani."

"Hiyo ni idara nyingine," akasema Bosi, akaingiza na mguu wa pili.

Haya, akaenda idara ya mitambo. Mitambo wakasema jenereta limekodiwa, waulize majengo, kwa kuwa limekaa kwenye ardhi yao. Majengo wakasema wao wanahusika na ukuta, jenereta halijagusa ukuta, nenda ofisi ya mradi. Ofisi ya mradi kulikuwa na karani mmoja mwenye adabu sana, akaandika malalamiko yake yote kwa mwandiko mzuri, akapiga muhuri, akamwambia itapelekwa kwa mwenyekiti wa mradi.

"Mwenyekiti ni nani?"

Karani akamtajia. Ni Bosi Mkutano.

Shangazi alitoka pale akakaa kwenye ngazi, mikono magotini. Siku mbili kaenda mduara mzima kama gurudumu, na kule nyumbani Mzee amefunga dirisha, joto limemzidi, akafungua, moshi umemzidi, akafunga. Angalau yeye alikuwa anapata zoezi la mikono.

Alhamisi mashine ikarudi kutoka matengenezoni. Safari hii Shangazi hakutaka kuchekwa. Alichukua chupa tupu ya maji ya kunywa, akaitoboa kifuniko, akapitisha mrija humo, akaikalisha chupa ndani ya ndoo ya maji baridi. Mvuke ukipita, unageuka maji na kubaki kwenye chupa. Kinachofika kwenye mashine ni hewa kavu. Mafundi walikuja na simu zao tayari kwa msiba wa pili, wakarudi na midomo mitupu.

Machozi wa kwanza, sifuri. Machozi wa pili, sifuri.

"Umemaliza, Shangazi?"

"Bado bomba moja."

Akasukuma kitoroli chake, mashine, ndoo na vitambaa, kuzunguka hadi kwenye uzio wa mabati. Miwani akamwona anakuja. Alitakiwa amzuie. Akainama kufunga kamba ya kiatu, na kile kiatu hakikuwa na kamba.

Tarakimu zilipanda mpaka mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa, mashine ikatema risiti. Kitambaa ndiyo usiseme, kilitoka cheusi hadi kidole chenyewe kikahitaji kusuguliwa na mafuta ya taa. Shangazi akakaa chini, akajaza fomu kwa mwandiko wake wa kusimama wima. Mabasi mawili: safi kabisa. Jenereta linaloyalisha: halifai. Linapumulia dirisha la nyumba namba tisa, hatua kumi na moja kutoka bombani. Anayeishi humo ana ugonjwa wa kifua. Liondolewe hapo. Akaziweka risiti zote kwenye fomu moja, akapiga saini yake juu ya makutano. Robo kwenye kila risiti, robo kwenye fomu.

Bosi Mkutano alipoona saini alikaribia kumkumbatia. Halafu akasoma.

"Hii ya chini ni ya nini?"

"Ni ya tumbo."

Akaanza kuibandua risiti hiyo kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Saini ikakatika. Akaiangalia fomu iliyobaki, ina kijistari na nukta.

"Umenikomoa, Shangazi."

"Hata sikukuwaza. Ndivyo ninavyosaini siku zote, waulize madereva."

"Unajua inspekta wa karakana ya pili naye ana kalamu?"

Kumbe hakuwa anatania. Ijumaa asubuhi inspekta wa karakana ya pili aliletwa na gari la ofisi, akakaa dakika kumi, akanywa soda, akasaini. Kalamu haikusitasita hata kidogo. Wageni wakaja, wakapiga picha na jani la kijani, mmoja akakinga kiganja kwenye bomba la Machozi akaonja maji, watu wakapiga makofi. Jenereta lilikuwa limezimwa saa mbili nzima kwa heshima yao. Shangazi alisimama nyuma kabisa, mikono kwapani, anaangalia miaka ishirini na mbili ya vitambaa inavyopitwa na soda moja.

Mchana alimkuta Mzee amelala kwenye kiti, mdomo wazi, hakohoi. Akaamka ametulia.

"Leo hewa ilikuwa tamu, bibie. Hao wageni wangekuwa wanakuja kila siku."

Shangazi akaingia jikoni, akafungua bomba la maji, akaliacha limwagike ili Mzee asisikie anavyopiga beseni.

Sasa sijui nani alipiga picha ile fomu iliyobanduliwa. Miwani anasema si yeye, na anaposema hivyo anafuta miwani. Jumamosi ilikuwa kwenye kundi la karakana, fomu upande mmoja, kitambaa cheusi upande wa pili. Jumapili ilikuwa kwenye makundi ambayo hata watu wake hawajui basi ni nini. *Basi linalia kwa sababu linajua siri.* *Mimi pia sivuti, anavuta jenereta wangu.* Mtu akamchora Bosi Mkutano anaonja maji, nyuma yake ukuta unafuka moshi. Jina la nyumba namba tisa likawa maarufu, watu wanapita wanapungia dirisha, na Mzee, ambaye maisha yake yote alitaka kupungiwa, anapunga.

Jumatatu saa tatu likaja gari la winchi.

Shangazi alitoka mbio ofisini, kitambaa mkononi. Likanyanyuliwa lile dude, likaning'inia hewani, likapakiwa. Mafundi wakapiga vigelegele kama wamepata bibi harusi. Alikimbia mpaka nyumbani, akafungua dirisha pande zote mbili.

"Vuta, Mzee! Vuta!"

Mzee akavuta. Akasubiri. Hakukohoa. Akavuta tena, kwa mbwembwe sasa, kifua mbele. "Wewe mwanamke," akasema, "wewe ni hatari."

Wiki nzima Shangazi alitembea mabega yamepanda. Bosi Mkutano alikutana naye koridoni akamkenulia meno, hadi akashangaa.

"Umeridhika, Shangazi? Tumefanya kama ulivyoandika. Neno kwa neno."

"Nashukuru, bosi."

"Na la pili linakuja kesho. Mabasi kumi hayawezi kushiba kwa jenereta moja."

"La pili linakuja wapi?"

Lakini Bosi alishachelewa mkutano.

Jibu lilikuja lenyewe kesho yake jioni, limeshika pazia. Ni Mama Vikombe, anayeosha vyombo kantini, wa nyumba ya mwisho kabisa kwenye mstari, namba thelathini na moja. Pazia lilikuwa la njano. Shangazi analijua, walilinunua pamoja.

"Shangazi, wewe ndiyo mtaalamu. Hebu nusa hiki kitu. Nimefua jana."

Hakuhitaji kunusa. Alisimama mlangoni akatega sikio, na kwa mbali, mwisho wa ukuta, akalisikia. Nguru, nguru, nguru. Na chini yake, la pili, jipya, sauti nene zaidi.

Akarudi ndani akatoa nakala ya fomu yake kwenye droo. *Nyumba namba tisa. Liondolewe hapo.* Mwandiko wima, unasomeka vizuri hata na mtu mvivu. Miaka ishirini na mbili ya kusifiwa kwa usahihi. Alikuwa amewaandikia dirisha moja, nao wamelitoa kwenye dirisha hilo moja, wakalipeleka kwenye jingine.

"Mjinga mimi," akasema. "Mjinga mwenye hatua kumi na moja."

"Sasa unajitukana nini?" Mzee akamuuliza kutoka chumbani. Sauti yake ilikuwa nzito na nzuri, sauti ya zamani, na hilo nalo likamuudhi Shangazi, kwa kuwa hakuweza kulifurahia. Mama Vikombe bado amesimama na pazia lake, ana wajukuu wawili mle ndani, haelewi kama akae au aondoke.

"Kaa, mama. Kaa hapo. Hilo pazia usilifue tena, nitalihitaji."

Akatoa fomu mpya, akakaa mezani, akaandika tarehe, akaandika majenereta mawili. Akafika kwenye nafasi ya mahali moshi unapoelekea. Ni mstari mmoja, mfupi kama kidole. Kalamu ikasimama.

"Safari hii andika nyumba zote," Mzee akasema. Alikuwa ameshafika mlangoni, kasimama bila kushika ukuta.

"Zote ni thelathini na moja. Na ng'ambo ya barabara kuna watu pia. Karatasi haina nafasi."

"Si ugeuze nyuma."

Shangazi akamtazama kwa jicho la kumla mbichi. Halafu akaigeuza karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe yote. Akamwomba Mama Vikombe aanze kumtajia majina ya watu, kuanzia mwisho wa ukuta.